Stanley Matthews: Gwiji aliyewafunza vijana wa Soweto kandanda

KATIKA zama hizi, si ajabu mchezaji nyota kuteuliwa balozi wa soka ya vijana kwa hafla ya siku moja. Hupigwa picha na watoto waliovishwa jezi mpya, hutia sahihi mipira kadhaa, kisha huabiri ndege kurudi kwao.

Sir Stanley Matthews, winga wa Uingereza aliyeaga dunia mnamo Februari 23, 2000 akiwa na umri wa miaka 85, hakungoja kupewa cheo kama hicho. Kwa takriban robo karne, alitumia majira yake ya mapumziko kuwafunza kandanda watoto wa maskini barani Afrika, na hatimaye akaingia Soweto wakati ambapo sheria za Afrika Kusini ziliwatenga watu kwa rangi ya ngozi zao.

Matthews alizaliwa Februari 1, 1915 katika mji wa Hanley, eneo la Stoke-on-Trent linalosifika kwa ufinyanzi. Babake, Jack, alikuwa kinyozi na pia bondia. Mzee huyo alimwamsha mwanawe alfajiri kufanya mazoezi ya viungo, na desturi hiyo ikadumu maishani. Matthews hakuvuta sigara, hakunywa pombe, na alikuwa na mazoea ya kufunga kula kila Jumatatu.

Alijiunga na klabu ya Stoke City akiwa tarishi wa ofisi, kisha akatia sahihi mkataba wa mchezaji wa kulipwa siku alipotimiza miaka 17. Kufikia mwaka wa 1934 alikuwa amekwisha kuichezea timu ya taifa, akafunga bao katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Wales. Silaha yake ilikuwa chenga. Aliusogelea mwili wa beki polepole, akauegemeza wake upande mmoja, kisha akachomoka upande wa pili kabla ya adui kutanabahi.

Mapema katika safari hiyo alijionea jinsi wanasiasa wanavyoweza kuwatumia wanamichezo. Mnamo Mei 1938, kabla ya mechi ya kirafiki jijini Berlin, wachezaji wa Uingereza waliagizwa na wakuu wao kuinua mikono kwa saluti ya Kinazi. Waliinua. Uingereza ilishinda 6-3, Matthews akiwa miongoni mwa wafungaji, lakini picha ya saluti ile ndiyo iliyobaki katika kumbukumbu za wengi.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, alihamia Blackpool mnamo 1947 kwa ada ya pauni 11,500. Huko alipoteza fainali mbili za Kombe la FA, ya 1948 na ya 1951. Mnamo Mei 2, 1953, akiwa na umri wa miaka 38, ilionekana angepoteza ya tatu. Blackpool walikuwa nyuma 3-1 dhidi ya Bolton Wanderers.

Matthews aliichukua mechi ile mikononi mwake. Mpira baada ya mpira ulitoka wingi ya kulia, Stan Mortensen akakamilisha mabao yake matatu, na katika dakika za majeruhi Matthews akarudisha pasi iliyotiwa wavuni na Bill Perry. Blackpool walishinda 4-3. Perry, aliyetikisa nyavu mara ya mwisho, alikuwa mzaliwa wa Afrika Kusini.

Miaka mitatu baadaye, Matthews akawa mchezaji wa kwanza kabisa kutuzwa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya. Alikuwa na miaka 41.

Licha ya sifa zote hizo, wachezaji wa Uingereza wa enzi hiyo hawakuwa matajiri. Hadi 1961, kanuni za ligi ziliweka kiwango cha juu cha mshahara, na hakuna klabu iliyoruhusiwa kukivuka. Wakati ligi ilipokuwa mapumzikoni, Matthews alisafiri nchi za mbali kucheza mechi za maonyesho na kufundisha.

Mojawapo ya safari hizo ilimfikisha Ghana mnamo 1957, miezi michache tu baada ya nchi hiyo kujinyakulia uhuru mwezi Machi. Aliichezea klabu ya Hearts of Oak ya Accra akiwa mgeni, na wenyeji wakamtawaza kwa heshima za kichifu. Safari zake barani zilimpeleka pia Nigeria, Uganda, Tanzania na Afrika Kusini.

Huko Uingereza umri ulishindwa kumzuia. Aliporejea Stoke City mnamo Oktoba 1961, idadi ya mashabiki uwanjani iliruka kutoka 8,409 hadi 35,974 kwa mechi moja. Mnamo 1963 aliisaidia klabu hiyo kutwaa ubingwa wa Daraja la Pili. Alitunukiwa cheo cha Sir mnamo 1965 angali anacheza, na mechi yake ya mwisho ya ligi aliisakata Februari 6 mwaka huo, siku tano baada ya kutimiza miaka 50. Katika takriban mechi 700 za ligi, hakuwahi kuandikwa jina na refa kwa utovu wa nidhamu.

Kazi ya kwanza aliyopewa baada ya kustaafu ilimwendea mrama. Akiwa meneja wa Port Vale, alijaribu kuijenga klabu hiyo kwa kutegemea chipukizi. Mnamo 1968 ilibainika kwamba klabu ilikuwa imevunja kanuni, yakiwemo malipo kwa wachezaji wachanga. Port Vale walitimuliwa ligini, kisha wakarejeshwa kwa kura. Matthews aliondoka, akahamia Malta. Alikuwa mwalimu hodari uwanjani, lakini shughuli za ofisini hazikumfaa.

Soweto ndiko kipaji chake cha ualimu kilikopata mahali pake. Mnamo 1975, akiwa na miaka 60, aliunda huko timu ya vijana Waafrika iliyojulikana kama Stan's Men. Wakati huo Mzungu alihitaji kibali kuingia katika mitaa ya Waafrika. Vijana walipomweleza ndoto yao ya kucheza Brazil, alitafuta wafadhili, wakapatikana kampuni ya Coca-Cola na gazeti moja la Johannesburg. Timu hiyo ilisafiri, na inatajwa kuwa ya kwanza ya Waafrika kutoka nchi hiyo kuzuru ng'ambo. Jina la Matthews lilikuwa ngao yao, kwani serikali ingepata aibu kubwa kumzuia mtu maarufu kiasi hicho.

Hata hivyo, suala la kwenda Afrika Kusini halikuwa jepesi. FIFA ilikuwa imeisimamisha nchi hiyo tangu miaka ya sitini, na mwaka wa 1976 ikaifukuza kabisa. Wapinzani wa ubaguzi wa rangi, wakiwemo wanamichezo wa Kiafrika wenyewe, walishikilia kwamba kila mgeni maarufu aliyekanyaga huko aliipa serikali ile sura ya kawaida mbele ya ulimwengu.

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na haipuuziki hata leo. Ila kuna tofauti kati ya mchezaji aliyekwenda kulipwa donge nono mbele ya watazamaji Wazungu, na mzee aliyevuka mpaka wa rangi kuwafunza vijana ambao sheria ilitaka wasionekane. Watawala waliwatengea vijana wale mtaa, yeye akawafikisha Brazil. Mwaka uliofuata, mnamo Juni 16, 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana na kumiminiwa risasi. Afrika Kusini ilirejeshwa katika soka ya kimataifa mwaka wa 1992.

Matthews alirudi Stoke uzeeni. Alipozikwa mnamo Machi 2000, watu wapatao 100,000 walijipanga barabarani kumuaga. Majivu yake yalifukiwa chini ya duara la katikati ya uwanja wa Stoke City, mahali ambapo mpira huanzishwa kila mechi.