Jina lililo kwenye tairi

Ukishuka Gachoka jua likiwa utosini, kabla hujapanda boda hebu angalia tairi la nyuma. Litakubeba wewe, dereva na pengine gunia la ndengu. Kila linapozunguka, mpira unabonyea chini kisha unarudi, maelfu ya mara kwa safari moja. Na mpira huchoka. Ili wajue utapasuka lini, watu wa maabara hutumia mashine ya De Mattia: inashika ukanda wa mpira ncha zote mbili, inaukunja na kuunyoosha mara 300 kwa dakika hadi ufa utokee.

Charles Goodyear hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na jiko la nyumbani, basi.

Alizaliwa 1800 mjini New Haven, Marekani. Duka la vyuma aliloendesha na babake lilifilisika, akawa mtu wa kuingia na kutoka jela za wadeni. Humo ndani alikanda mpira kwa mikono. Enzi hizo mpira ulikuwa balaa tupu: joto likija unayeyuka na kunuka, baridi ikija unakuwa mgumu kama ubao.

Akajaribu tindikali, mpira ukalainika vizuri. Serikali ikampa oda ya mifuko 150 ya barua. Mifuko ilipokamilika ilipendeza kwa macho, akaitundika, akasafiri na familia. Kurudi, joto lilikuwa limeiharibu yote! Tindikali ilikuwa imetibu ngozi ya juu tu. Ndani ulikuwa mpira ule ule. Mimi nadhani hapo ndipo alipojifunza kutoamini macho.

Mwaka 1839, huko Woburn, kipande cha mpira alichochanganya na salfa kiligusa jiko la moto. Hakikuyeyuka. Kiliungua kama ngozi. Akakipigilia msumari nje ya mlango usiku wa baridi kali, na asubuhi akakikuta bado kinapindika. Hilo ndilo jaribio lake: moto, halafu baridi.

Lakini moto kiasi gani, kwa muda gani? Swali hilo lilimla miaka mingine mitano. Aliuza vitu vya nyumba, hata vitabu vya shule vya watoto. Watoto wake kadhaa walikufa wakiwa wadogo. Ungekuwa wewe mkewe, Clarissa, ungemvumilia?

Alipata hataza 1844, lakini kule Uingereza Thomas Hancock alishamtangulia kuomba. Mwaka 1852 alishinda kesi kubwa mjini Trenton akitetewa na Daniel Webster. Pesa hazikukaa. Alikufa New York tarehe 1 Julai 1860 akiwa na deni la takriban dola 200,000.

Kampuni ya matairi ya Goodyear je? Ilianzishwa Akron mwaka 1898, miaka 38 baada ya kifo chake. Iliazima jina tu. Familia yake haikuhusika. Alichoacha yeye ni ile salfa, ambayo bado imo ndani ya tairi hilo la boda, na ndani ya akala litakazokatwa likishachoka.