Askofu Josiah Kibira na hukumu za karne nne

Mfanyabiashara wa Mutanga Sud, jijini Bujumbura, akivuka mpaka wa Kobero na kuingia Kabanga, tayari yumo mkoani Kagera. Akiendelea hadi Bukoba, amefika kwao Josiah Kibira, askofu Mlutheri aliyeshughulika na ugomvi mkongwe kuliko mipaka yote ya ukanda huu.

Kibira alizaliwa mwaka 1925. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji, kisha akasoma Ujerumani na Marekani. Mwaka 1964 alimrithi Msweden Bengt Sundkler akawa askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Huko Buhaya, Wakatoliki walitangulia kufika. Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, wa kwanza Mwafrika katika zama hizi, naye alikuwa Mhaya. Ukoo mmoja uliweza kuwa na watu wa pande zote mbili, na hapo swali la nani ni Mkristo wa kweli liliingia hadi kwenye posa na misiba. Kibira alilichunguza suala la ukoo na kanisa, akaliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1974.

Chanzo cha mgawanyiko kilikuwa mbali, Ulaya. Papa alimtenga Martin Luther mwaka 1521. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ukatoa hukumu juu ya mafundisho kuhusu namna mwenye dhambi anavyohesabiwa haki mbele ya Mungu. Walutheri nao waliandika hukumu zao dhidi ya Roma. Wamisionari walipokuja Afrika, walikuja na daftari hilo la madeni, ingawa Mhaya na Mrundi hawakuwa wamekopa chochote.

Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, wa kwanza katika Afrika. Kibira alichaguliwa kuwa rais, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho. Mkutano huohuo ulipokea wazo la umoja wenye tofauti zilizopatanishwa: kila kanisa libaki na desturi zake, lakini tofauti zisiwe tena sababu ya kulaaniana. Kwa watu wenye sarafu mbalimbali na soko moja, wazo hilo si geni.

Warundi nao waliguswa na kazi ya Fungamano hilo. Shirika lake la kuhudumia wakimbizi Tanzania lilishirikiana na serikali na Umoja wa Mataifa kujenga makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa waliokimbia mauaji ya 1972.

Wakati wa uongozi wa Kibira, mwaka 1980, tume ya pamoja ya Walutheri na Wakatoliki ilitamka kwamba pande hizo zinashiriki kweli za msingi za imani. Kibira alimaliza muda wake mwaka 1984. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemdhoofisha, akafariki Julai 1988.

Hakuiona siku iliyofuata. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, wajumbe wa Roma na wa Fungamano walitia saini Tamko la Pamoja. Walikubaliana kwamba mtu hupokelewa na Mungu kwa neema, kwa imani katika Kristo, wala si kwa stahili yake, na kwamba matendo mema hufuata. Hukumu za kale hazikufutwa vitabuni. Ilisemwa kwamba haziyagusi mafundisho ya upande wa pili kama yalivyoelezwa katika Tamko hilo. Mwaka 2006 Wamethodisti nao walijiunga.

Bado meza ya ekaristi haijawa moja, na suala la mamlaka ya Papa lingali linajadiliwa. Lakini Mkatoliki wa Bujumbura na Mlutheri wa Bukoba wanaooana leo hawaanzi tena maisha chini ya laana ya mababu wa watu wengine.