Ayrton Senna, Nahodha wa Mvua

Nahodha hajulikani bahari ikiwa shwari. Katika mashindano ya magari, hilo alilidhihirisha marehemu Ayrton Senna wa Brazil.

Alizaliwa São Paulo tarehe 21 Machi, 1960. Alipokuwa kijana akiendesha vigari vidogo, mvua ilimwaibisha mbele ya wenziwe. Tangu hapo, kila iliponyesha alitoka na kigari chake kujifunza. Mwaka 1984 alikuwa wa pili katika mvua ya Monaco. Mwaka 1985, mvuani tena, alipata ushindi wake wa kwanza mkubwa huko Estoril, Ureno. Akawa bingwa wa dunia mwaka 1988, 1990 na 1991.

Lakini msomaji, siku yake hasa ni 11 Aprili, 1993, Donington, Uingereza. McLaren yake haikufikia nguvu za Williams ya Alain Prost. Alianza wa nne, akasukumwa hadi wa tano, na kabla ya mzunguko wa kwanza kwisha alikuwa mbele ya wote.

Hapo ukaanza mtihani wa matairi. Ya mvua yana mifuo ya kutema maji. Barabara ikikauka huchemka na kulika upesi. Ya ukavu hayana mifuo. Majini huteleza kama mguu juu ya mwani. Kubadilisha ni kusimama kwa mafundi, na kusimama ni kuachwa.

Mvua siku ile ilikuja na kwenda. Prost alisimama mara saba, akivaa haya na kuvua yale, na safari moja injini ikamzimikia pale pale. Senna naye alipata mkosi: gurudumu moja liliwasumbua mafundi, akapoteza uongozi. Lakini manyunyu yaliporudi na Prost kukimbilia matairi ya mvua, yeye alibaki na ya ukavu, akaenda kwa hadhari mpaka wingu likapita. Mafundi huliona wingu. Anayeionja barabara ni dereva. Wazee walituusia, usiache mbachao kwa msala upitao.

Alimshinda Damon Hill, aliyekuwa wa pili, kwa dakika 1 na sekunde 23. Prost, wa tatu, aliachwa mzunguko mzima.

Mauti hayakumfuata mvuani. Yalimkuta Imola, Italia, tarehe 1 Mei, 1994, barabara kavu na jua linawaka. Alikuwa na miaka 34. Brazil iliomboleza siku tatu.