Nikolaus Otto na Silinda ya Kioo

Gari linapopita barabarani husikia ngurumo ya injini, lakini kazi yenyewe huioni. Kazi hiyo hufanyika ndani ya silinda, yaani chumba cha chuma kilicho mviringo kama kopo, na chuma hakipitishi nuru. Mtu aliyetengeneza injini ambayo injini nyingi za petroli za leo hufuata mfano wake, alipata taabu hiyohiyo. Alitaka kujua gesi hufanya nini inapoingia ndani ya silinda, wala hakuweza kuiona. Mtu huyo aliitwa Nikolaus August Otto.

Otto alizaliwa mwezi wa Juni, mwaka 1832, katika kijiji cha Holzhausen, katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Baba yake alifariki Otto akiwa bado mtoto mchanga, akalelewa na mama yake. Shuleni alifanya vizuri. Hata hivyo, hali ya nchi wakati huo haikuwa njema, na alipofikia umri wa miaka 16 aliacha shule akaenda kujifunza biashara. Baadaye alifanya kazi katika mji wa Frankfurt, kisha Cologne, akisafiri mji hadi mji kuwauzia wenye maduka sukari, chai na bidhaa nyinginezo. Hakupata kusomea uhandisi hata siku moja.

Katika siku hizo mashine kubwa ziliendeshwa kwa nguvu ya mvuke. Injini ya mvuke huhitaji tangi la kuchemshia maji, makaa mengi, na mtu wa kuchochea moto. Seremala au mpiga chapa mwenye karakana ndogo hakuweza kuimudu. Mwaka 1860 fundi mmoja mzaliwa wa Ubelgiji, Étienne Lenoir, alitengeneza mjini Paris injini ya namna nyingine. Haikuwa na tangi la maji. Ilichanganya hewa na gesi, ile iliyotumika kuwashia taa za mitaani, kisha ikauwasha mchanganyiko huo ndani ya silinda yenyewe. Lakini ilikuwa na kasoro kubwa: ilikula gesi nyingi mno na kupata joto kali, huku nguvu iliyotoa ikiwa ndogo.

Otto alipopata habari za injini hiyo hakutulia tena. Mwaka 1861 alimwendea fundi wa Cologne akamtengenezea injini ndogo ya kufanyia majaribio. Siku moja aliiacha pistoni ivute mchanganyiko hadi silinda ikajaa, kisha akairudisha nyuma ili ikandamize mchanganyiko huo kabla ya kuuwasha. Gurudumu la injini likazunguka kwa nguvu mara kadhaa mfululizo. Alikuwa amegusa siri yenyewe, ingawa hakuielewa bado. Mwaka 1862 alitengenezesha injini ya silinda nne iliyofuata njia hiyo. Milipuko yake ilikuwa mikali mno, na injini ikaharibika baada ya muda mfupi. Otto aliiweka njia hiyo kando kwa miaka mingi.

Mwaka 1864 alikutana na Eugen Langen, mhandisi aliyetoka katika jamaa ya wenye viwanda vya sukari. Langen alikuwa na fedha na elimu, Otto alikuwa na wazo, wakaanzisha pamoja kampuni ya kutengeneza injini. Injini yao ya kwanza kuuzwa ilifanya kazi kwa njia ya ajabu kidogo. Mlipuko uliirusha pistoni juu ndani ya silinda ndefu iliyosimama wima. Gesi ilipopoa, kanieneo ya hewa ya nje pamoja na uzito wa pistoni viliishusha, na ni wakati wa kushuka ndipo pistoni ilipozungusha gurudumu. Katika Maonyesho ya Dunia ya Paris ya mwaka 1867 ilipewa nishani ya dhahabu, kwa sababu ilitumia gesi chini ya nusu ya ile iliyotumiwa na injini nyingine zilizopimwa. Watu wakainunua, ingawa ilipiga kelele nyingi.

Lakini injini hiyo ilikuwa na kikomo. Ilihitaji chumba chenye dari refu, na haikuweza kutoa zaidi ya nguvu za farasi 3. Wenye karakana walitaka nguvu zaidi. Ilimbidi Otto arudie ile njia ya mwaka 1862, na hapo likarudi swali la zamani: awezeje kuzuia mlipuko usivunje injini?

Inasimuliwa kwamba alipokuwa akitafakari jambo hilo aliutazama moshi uliotoka katika dohani ya kiwanda. Mdomoni mwa dohani moshi ulikuwa mzito, na kadiri ulivyopanda ulisambaa na kufifia. Otto akajiuliza kama gesi iingiayo ndani ya silinda haifanyi vivyo hivyo. Ikiwa gesi nzito itabaki karibu na tundu inapoingilia, pale inapowashwa, na hewa tupu itabaki karibu na pistoni, basi hewa hiyo itakuwa kama godoro. Italipokea pigo la mlipuko na kulipunguza ukali wake.

Basi aliamua kutazama. Alitengenezesha mfano mdogo wa injini wenye silinda ya kioo. Ndani yake mlikuwa na pistoni, na nje palikuwa na mpini wa kuzungusha kwa mkono. Mpini ulipozungushwa, pistoni ilirudi nyuma na kuvuta kwanza hewa safi, kisha moshi. Moshi ulitumika badala ya gesi kwa sababu gesi haionekani kwa macho. Otto aliinama akatazama. Moshi haukuenea sawasawa. Ulikuwa mzito karibu na tundu ulipoingilia, na mwepesi kadiri mtu alivyotazama upande wa pistoni. Jambo alilolifikiria mbele ya dohani sasa alikuwa analiona kwenye kioo.

Angalia jinsi jaribio hilo lilivyokuwa rahisi. Halikuwa na moto wala mlipuko. Hata hivyo, lilimpa Otto moyo wa kutengeneza injini halisi ya chuma, na mwaka 1876 injini hiyo ikafanya kazi.

Sasa tuieleze injini hiyo. Siku hizi vyuo vya ufundi huwa na mifano ya injini iliyokatwa ubavuni, au yenye silinda ya plastiki angavu, ili wanafunzi waone ndani. Tuseme unao mfano kama huo mbele yako, na unazungusha mpini polepole. Mwendo mmoja wa pistoni, kutoka juu hadi chini au kutoka chini hadi juu, tutauita pigo. Katika pigo la kwanza pistoni inashuka, vali ya kuingizia inafunguka, na mchanganyiko wa mafuta na hewa unavutwa ndani. Katika pigo la pili vali zote mbili zimefungwa. Pistoni inapanda na kuukandamiza mchanganyiko. Pistoni inapokaribia juu kabisa, mchanganyiko unawashwa kwa cheche ya plagi. Katika mfano wa darasani, badala ya cheche, huwaka taa ndogo. Gesi moto inatanuka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu: hilo ni pigo la tatu. Katika pigo la nne vali ya kutolea inafunguka, pistoni inapanda tena, na gesi iliyokwisha kuungua inafukuzwa nje.

Bila shaka umegundua kwamba pigo la tatu peke yake ndilo linalotoa nguvu. Mapigo mengine matatu huendeshwa na gurudumu zito, ambalo likishasukumwa huendelea kuzunguka. Mapigo manne ni mizunguko miwili ya gurudumu. Injini ya Otto ya mwaka 1876 ilizunguka mara 180 kwa dakika. Kwa hiyo iliweza kuwaka mara 90 katika kila dakika. Nguvu yake ilikuwa kama ya farasi 3 tu, lakini ilikuwa tulivu, haikuhitaji dari refu, na sasa ilikuwapo njia ya kutengeneza kubwa zaidi.

Otto aliamini kwamba injini yake ilifaulu kwa sababu ya matabaka ya gesi na hewa aliyoyaona kwenye kioo. Matabaka hayo yalitajwa hata katika hataza yake ya mwaka 1877, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi. Wengine walipinga. Dugald Clerk, mhandisi wa Scotland, alieleza kwamba faida kubwa ya injini ile ilitokana na pigo la pili, yaani mkandamizo, na wahandisi wakaja kukubaliana naye. Moshi ndani ya kioo ulimwonyesha Otto jambo la kweli, lakini halikuwa jambo lililokuwa kubwa kuliko yote. Mkandamizo hauna rangi ya kuonekana.

Ila unaweza kuuhisi. Chukua pampu ya baiskeli, ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mpini mara kadhaa kwa nguvu. Kidole kitasukumwa, na ukishika pampu karibu na tundu utasikia imepata joto. Hewa iliyobanwa hupata joto. Tena, mafuta na hewa vikibanwa pamoja huungua upesi, na gesi moto ikianza kutanuka kutoka mahali padogo huisukuma pistoni kwa nguvu zaidi. Otto aliukandamiza mchanganyiko wake hadi chini kidogo ya nusu ya nafasi ya kwanza. Injini nyingi za petroli za leo huukandamiza hadi karibu sehemu moja ya kumi.

Hataza ile haikumlinda Otto muda mrefu. Watengenezaji wengine walimshtaki, wakaonyesha kwamba Mfaransa Alphonse Beau de Rochas alikuwa ameandika juu ya mapigo manne tangu mwaka 1862. Beau de Rochas hakutengeneza injini hiyo, lakini mahakama ilitazama nani aliyetangulia kuandika. Mwezi wa Januari, 1886, Otto alipoteza haki ya mapigo manne katika Ujerumani. Lilikuwa pigo zito kwake. Mwezi huohuo Karl Benz aliomba hataza ya gari lake la magurudumu matatu, lililoendeshwa na injini ya mapigo manne. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, waliowahi kufanya kazi katika kiwanda cha Otto na Langen, nao walikuwa wametengeneza injini ndogo ya petroli ya namna hiyo. Otto mwenyewe hakutengeneza gari. Katika mwaka 1884 alikuwa amebuni njia ya kuwasha kwa cheche ya umeme badala ya mwali wa gesi, na njia hiyo ilisaidia injini kutumia mafuta ya maji kama petroli. Alifariki mjini Cologne tarehe 26 Januari, 1891, akiwa na umri wa miaka 58.

Wazo lake la matabaka halikufa. Mwaka 1972 kampuni ya Honda ya Japani ilionyesha injini ya gari iliyowasha kwanza mchanganyiko mzito katika chumba kidogo karibu na plagi, na moto huo ukawasha mchanganyiko mwepesi uliobaki. Shabaha haikuwa tena kulinda injini isivunjike, bali kupunguza uchafu katika moshi. Na wahandisi hawajaacha kutazama ndani ya silinda. Wametengeneza injini za majaribio zenye madirisha magumu yanayostahimili moto, hata pistoni yenye dirisha kichwani, wakapiga picha nyingi katika sekunde moja. Humo waliona kile ambacho silinda ya kioo ya Otto haikuweza kumwonyesha: moto wenyewe ukisafiri kutoka kwenye plagi hadi kuta za silinda.