Krapf, Mzee Aliyenifundisha Ufahamu

Mwaka huu mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu walidhani nitamwandika mshairi. Mimi nimemchagua Mjerumani, mmishenari, mtu ambaye hakuzaliwa na Kiingereza wala Kiswahili mdomoni. Nina sababu yangu, tena sababu ya aibu kidogo. Naomba mnistahimili niieleze kwanza.

Sisi tunaokaa mtaa wa Airport, hapa Changamwe, tumezoea ndege kupita juu ya mapaa, hata mwalimu hunyamaza kidogo ndipo aendelee. Tumezoea pia kusindikiza jamaa. Mwaka juzi tulimsindikiza shangazi yangu aliyekuwa akienda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wiki moja kabla ya safari aliletewa mkataba wa Kiingereza, kurasa nne. Kwetu mimi ndiye ninayeitwa msomi, basi nikapewa niusome. Nilikaa na kamusi, nikatafuta kila neno nisilolijua, nikaandika maana yake pembeni kwa penseli. Kisha nikamwambia shangazi mambo ni sawa, mshahara umeandikwa na nauli ya ndege italipwa na tajiri. Akatia sahihi. Kumbe sentensi ile ya nauli ilikuwa na mkia wake: tajiri atalipa kwanza, halafu atazikata pesa hizo katika mshahara wa miezi ya mwanzo. Maneno yote niliyajua. Sentensi sikuielewa. Miezi minne shangazi alituma nyumbani pesa zisizotosha hata karo ya wanawe. Mpaka leo hajanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Muhula uliofuata tulifanya mtihani wa ufahamu wa Kiingereza, nikapata alama 7 kwa 20. Mwalimu aliandika chini ya karatasi kwamba nimenakili mistari ya kifungu badala ya kueleza kwa maneno yangu mwenyewe. Nikaona ni kosa lile lile la mkataba. Basi ikasadifu kwamba chama chetu kilikuwa na safari ya Rabai. Tulipanda matatu, tukapita Mikindani na Miritini hadi Mazeras, tukakata kuingia Rabai, tukafika kwenye makumbusho yenye jina la Krapf. Hapo ndipo nilipokutana na mzee huyu, na sijaachana naye tena.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja alipigwa vibaya na jirani kwa kosa asilolifanya, akaugua muda wa miezi sita. Kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma. Alipopona alipelekwa shule ya Kilatini mjini. Akiwa mwanafunzi aliitazama ramani ya Afrika, akaona upande wetu huu wa mashariki una majina machache mno, karibu weupe mtupu. Jambo hilo likamkaa moyoni. Akaazima kitabu cha safari za James Bruce kule Uhabeshi, akakisoma.

Kijana huyo alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, akaenda Basel, Uswisi, kusomea kazi ya umishenari. Baadaye aliajiriwa na chama cha kimishenari cha Kiingereza chenye makao London. Hapo ndipo ninapotaka wanafunzi wenzangu watege sikio. Tangu siku hiyo wakubwa wake walikuwa Waingereza, na hata sarufi na kamusi alizokuja kuandika alizieleza kwa Kiingereza, lugha ya kujifunza kwake kama ilivyo kwetu.

Mwaka 1837 alikwenda Uhabeshi, akakaa miaka mitano, akajifunza Kiamhari na Kioromo. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich. Walipojaribu kurudi bara ya Uhabeshi, Rosine alijifungua njiani, jangwani, mtoto wa kike ambaye siku zake hazikutimia. Walimwita Eneba, maana yake chozi. Mtoto hakuishi. Njia ya Uhabeshi nayo ikafungwa, basi Krapf akageukia pwani yetu. Januari 1844 alifika Unguja, akapokewa na Sayyid Said, akapewa barua ya kumtambulisha kwa maliwali. Mwaka huo huo akahamia Mombasa na mkewe.

Sasa hebu fikirini. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, amekwisha jifunza lugha nyingi, anaanza tena moja. Kamusi ya Kiswahili ya kumsaidia haikuwepo, wala kitabu cha sarufi. Alichokuwa nacho ni masikio, kalamu na watu wa Mombasa. Mwezi wa Juni 1844, hata miezi miwili hajamaliza hapa, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na mwanachuoni Mwislamu aliyekuwa kadhi. Sura tatu za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Angalieni alivyofanya: hakungoja ayajue maneno yote ndipo ajaribu kusema jambo zima. Alilichukua jambo zima, akaketi na mwenye lugha, wakatafuta pamoja namna ya kulisema.

Mwezi uliofuata ukawa wa msiba. Tarehe 6 Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ikamshika mama, ikamshika na Krapf mwenyewe, asiweze kumuuguza mkewe kama alivyotaka. Tarehe 13 Julai 1844 Rosine alifariki. Siku chache baadaye mtoto naye akamfuata. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Kaburi hilo lipo mpaka leo karibu na bahari. Nilikwenda kulitazama nikapanda feri na matatu za bure kumbe njia ni ya daraja tu, lakini sijutii. Nilisimama pale nikawaza kwamba mtu mwingine angepanda jahazi arudi kwao. Krapf alirudi kwenye daftari lake la maneno.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, na Agosti mwaka huo wakahamia Rabai baada ya wazee wa huko kuwakubalia. Huko wakaanza tena kujifunza, safari hii lugha ya Wamijikenda. Mwaka 1850 Krapf alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Muda wote huo alikuwa akikusanya maneno, na hili ndilo lililonigusa zaidi: neno hakuliandika peke yake kama yatima. Aliliandikia mifano, akaeleza linavyosemwa na linavyotumika. Mimi kwenye ule mkataba nilitafuta maana ya neno nikafurahi nikapita. Krapf alitaka kujua neno lile linafanya kazi gani likikaa na wenzake.

Alikuwa pia mtu wa kutembea. Mwaka 1849 alikwenda Ukambani, akakaribishwa Kitui na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba. Tarehe 3 Desemba mwaka huo aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Rebmann alikuwa ameuona Kilimanjaro mwaka 1848. Habari zilipofika London, mtaalamu mmoja wa jiografia, Desborough Cooley, alikataa katakata. Ati theluji karibu na ikweta haiwezekani. Bwana huyu alikuwa msomi hodari, lakini alisoma habari ile kutafuta kile alichokwisha kuamini. Wangapi kati yetu husoma kifungu namna hiyo? Tunaona neno moja tunalolijua, tunajibu kutoka kichwani, na kifungu chenyewe kinasema lingine kabisa.

Wala wamishenari wenyewe hawakuepuka kosa. Rebmann na mwenzao mwingine, Jakob Erhardt, waliwauliza wasafiri wa misafara habari za bara. Huyu akataja ziwa, na yule akataja ziwa. Wao wakayaunganisha yote, wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika. Kumbe maziwa yalikuwa zaidi ya moja. Kila shahidi alisema kweli, ila wasikilizaji walidhani wote wanasema habari ya kitu kimoja. Ajabu ni kwamba ramani hiyo yenye kosa ilisaidia kuwatuma Burton na Speke mwaka 1857 kwenda kuyatafuta maziwa yenyewe.

Safari ya pili ya Ukambani, mwaka 1851, nusura imtoe roho. Msafara ulivamiwa karibu na Mto Tana, Kivoi akauawa, Krapf akabaki peke yake porini. Alitia maji katika mtutu wa bunduki ili apate ya kunywa njiani. Alifika kwa watu akiwa taabani. Afya yake haikupona vizuri, na mwaka 1853 akarudi Ujerumani. Mwaka 1854 maktaba ya wataalamu kule Ujerumani ilipata kutoka kwake miswada ya tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1862 alikuja tena pwani kwa muda kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao Ribe.

Simsifu kwa kila jambo, maana mwandishi mkweli hafichi. Krapf alipendelea Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na sababu mojawapo ilikuwa kutaka kukitenga na Uislamu. Babu zetu walikuwa wakiandika barua na tenzi kwa herufi za Kiarabu tangu zamani kabla yake. Wanachuoni wa Kiislamu ndio waliomfundisha, na hapo naona hakuwasikiliza walimu wake hadi mwisho. Hata msikilizaji hodari ana sikio moja analoliziba.

Tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alifariki Kornthal, Ujerumani. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili, kazi aliyoianza hapa kwetu, ilichapishwa London mwaka 1882. Yeye hakuishika mkononi. Baadaye Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini katika kurasa za kamusi ile Kimvita chetu kimehifadhiwa, maneno mengine hata nyanya zetu ndio wanaoyakumbuka.

Haya, nimalizie nilipoanzia. Shangazi alirudi salama, na mwaka huu akapata mkataba mwingine. Aliuleta kwangu tena, jambo lililonitia haya. Safari hii sikuanza na kamusi. Nilisoma fungu moja lote, nikaigeuza karatasi chini, nikamweleza shangazi kwa Kiswahili cha nyumbani. Yeye akauliza: nani analipa, lini, na asipolipa je? Nilipokosa jibu nilijua kwamba sijaelewa, nikarudi kusoma. Mafungu mawili yalitushinda, tukampelekea mwalimu wetu wa Kiingereza. Moja lilikuwa la siku ya mapumziko, nalo lilisema atapewa iwapo tajiri ataona inafaa. Shangazi alikataa kutia sahihi mpaka likabadilishwa. Lilibadilishwa.

Wenzangu wa kidato cha nne, karatasi ya ufahamu inawangoja. Mkisoma kifungu, kifungeni, mkamsimulie mwenzenu kwa lugha ya nyumbani. Akiuliza swali mkakwama, hapo ndipo pa kurudia. Kuuliza si ujinga. Mzee Krapf aliuliza Mombasa nzima, na kamusi yake ingalipo.

Hadi toleo la mwakani, kwaherini.