Kinjikitile na dawa isiyolevya

Mimi ni mtoto wa Kilwa. Kila mada ya dawa za kulevya ikianza pale kwenye vimbweta, huwa namkumbuka Kinjikitile Ngwale. Usicheke, subiri kidogo.

Bwana huyu aliishi Ngarambe, upande wa milima ya Matumbi. Mwaka 1904 pepo Hongo alimpanda. Wazee husimulia kwamba alizama majini, akaibuka kesho yake nguo zikiwa kavu. Akaanza kugawa dawa ya maji, mafuta ya nyonyo na mtama, akiahidi kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Watu waliochoshwa na kodi, viboko na pamba ya lazima walimiminika kwake. Aliwaambia wasubiri amri. Hawakusubiri. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba, vita ikawaka. Kinjikitile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kwa uhaini. Vita ikaendelea bila yeye hadi 1907. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wengine wanafikisha 300,000, wengi kwa njaa.

Sasa tuje kwenye ubongo. Maji yale hayakuwa na kilevi. Kilichowapa watu moyo ni imani na hasira ya haki. Walijua wanachofanya na kwa nini. Heroini ni habari nyingine kabisa. Inafurisha dopamini kwenye ubongo, ukizoea inakula uwezo wenyewe wa kuchagua.

Binamu yangu alifikishwa mahakamani akiamini kwamba kusema alikuwa amelewa kungemtoa. Wapi! Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ulevi si utetezi, labda uwe hukujua unachofanya au kwamba ni kosa, na tena uwe umeleweshwa na mwingine bila ridhaa yako, au ulevi umekutia wazimu. Yeye kete alinunua mwenyewe.

Kinjikitile simwiti muuza unga; alitaka watu wake wawe huru. Ila ahadi yake ya risasi haikutimia, na walioibeba kifuani ndio waliokufa. Kwa hiyo mshkaji akikuletea kitu cha kukuondoa woga usiku wa kuamkia UE, jiulize kesho nani atajibu. Binamu yangu alisimama kizimbani peke yake. Aliyemuuzia hakuonekana.