Heinrich Hertz, mtu ambaye jina lake liko kwenye kila kisanduku cha wifi

Katika nyumba nyingi za Bulengera, mjini Butembo, wifi inasumbua watu kwa namna moja. Kompyuta ikiwa sebuleni inakamata rezo vizuri. Ikipelekwa chumba cha nyuma, nyuma ya mlango wa chuma, rezo inapotea. Mwenye nyumba analaumu kompyuta, kisha analaumu fundi. Lakini jambo hilo lilikwisha kuonekana mwaka wa 1888, katika mji wa Karlsruhe nchini Ujerumani, na jina la mtu aliyeliona limeandikwa kwenye kisanduku hicho hicho. Pale panapoandikwa 2,4 GHz au 5 GHz, herufi Hz ni kifupi cha Hertz.

Heinrich Hertz alizaliwa Hamburg tarehe 22 Februari 1857. Baba yake alikuwa mwanasheria, baadaye akawa seneta wa mji. Kijana alipenda vitabu, lakini alipenda pia kazi ya mikono, hata akajifunza kwa fundi namna ya kuchonga mbao. Alianza masomo ya uinjinia, akayaacha, akaenda kusoma fizikia. Alipata udaktari Berlin mwaka wa 1880, chini ya profesa Hermann von Helmholtz. Mwaka wa 1885 alipewa kazi ya kufundisha Karlsruhe, na mwaka uliofuata akamwoa Elisabeth Doll, binti wa mwalimu mwenzake.

Wakati ule kulikuwa na deni moja katika elimu ya umeme. Mskoti James Clerk Maxwell alikuwa ameonyesha kwa hesabu kwamba nguvu za umeme zinaweza kusafiri hewani kama mwanga, bila waya wowote. Maxwell alikufa mwaka wa 1879 na hakuna mtu aliyekuwa ameyaona mawimbi hayo.

Hertz alitumia bobini na fimbo mbili za chuma zilizoachwa nafasi ndogo katikati, ambapo cheche iliruka. Mbali kidogo, upande mwingine wa chumba, aliweka waya uliokunjwa kama pete, nao ukiwa na upenyo mdogo sana. Kila mara cheche kubwa iliporuka, cheche ndogo iliruka kwenye pete, na hakuna waya uliounganisha vyombo hivyo viwili. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba alilazimika kufunga madirisha na kukaa gizani mpaka macho yazoee.

Kisha akaleta bati. Alibandika ukutani bati la zinki lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2. Mawimbi yaligonga bati yakarudi, na yale yanayorudi yakakutana na yale yanayokuja. Mahali pengine yalitiana nguvu, mahali pengine yaliuana. Hertz alitembea na pete yake hatua kwa hatua: cheche inawaka, inakufa, inawaka tena. Wimbi la wifi ya 2,4 GHz lina urefu wa sentimita 12 hivi. Kwa hiyo mtu anayesogeza kompyuta kiganja kimoja mezani akitafuta rezo hafanyi ujinga, hata kama watoto wanamcheka.

Mlango wa mbao haukuwa shida: mawimbi yaliupita, cheche ikaonekana chumba cha pili. Pia aligundua kwamba pete ikigeuzwa upande usiofaa haipokei kitu. Ndiyo sababu antene za kisanduku hazifai kulazwa ovyo. Katika nyumba isiyo na ghorofa, kwa kawaida zinasimamishwa wima.

Mafundi wa leo wanafuata mambo hayo hayo. Kisanduku kiwekwe juu, mbali na kabati la chuma na friji, kikitazamana na mlango wa mbao kama upo. Tofali linapunguza mawimbi, bati linayarudisha. Wifi ya 5 GHz ina mbio, lakini inachoka haraka kwenye kuta. Kwa chumba cha mbali, afadhali 2,4. Na kabla ya kugusa antene, tazama kwanza alama ya wifi kwenye kompyuta. Kama imejaa lakini hakuna ukurasa unaofunguka, mawimbi ni mazima. Kosa liko mbele ya kisanduku: pengine megabaiti zimekwisha, au rezo ya kampuni imekatika. Hapo Hertz hana la kusaidia.

Yeye mwenyewe hakuona kama kazi hiyo itafaa kwa mawasiliano. Mwishoni mwa 1889 injinia mmoja alimwandikia akiuliza kama simu inaweza kupita kwenye mawimbi hayo. Hertz alijibu kwamba haiwezekani, maana vioo vya kuyaelekeza vingehitaji kuwa vikubwa kama bara zima.

Mwaka huo alikuwa amehamia Bonn. Kutoka 1892 kichwa kilianza kumuuma vibaya, akapasuliwa mara kadhaa, hakupona. Alikufa tarehe 1 Januari 1894, akiwa na miaka 36, akaacha mke na wasichana wawili wadogo. Mwaka huo huo Mwitalia Guglielmo Marconi, kijana wa miaka 20, alisoma habari za majaribio yake akaanza kutengeneza telegrafu isiyo na waya. Kabla ya vita vya 1914 Wabelgiji walikuwa tayari na vituo vya namna hiyo katika Kongo, kutoka Boma mpaka Elisabethville, Lubumbashi ya leo.

Ujerumani haikuitunza familia yake. Ukoo wa baba yake ulikuwa na asili ya Kiyahudi, ingawa walikuwa Wakristo. Wanazi walipochukua utawala mwaka wa 1933, binti yake Mathilde, mtaalamu wa wanyama, alipoteza kazi Berlin. Yeye, dada yake na mama yao walihamia Uingereza. Mwaka wa 1960 mkutano wa kimataifa wa vipimo ulikubali neno hertz kuwa kipimo cha dunia nzima. Kaburi lake liko Ohlsdorf, Hamburg.